Mwalimu Bora Apelekwe Darasa la Kwanza

Mapema mwaka 2012 Tanzania iliambiwa kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule za serikali hawajui kusoma wala kuandika. Watoto hao walikuwa wamekaa darasani miaka saba, wakafanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, wakafaulu. Watu wengi waliutazama mtihani wenyewe: usimamizi wake, udanganyifu, maswali ya kuchagua jibu. Hoja hizo zilikuwa na uzito. Lakini mtoto anayefika sekondari bila kujua kusoma hakuharibikiwa siku ya mtihani. Aliachwa nyuma akiwa na miaka saba au minane, na kila mwalimu aliyempokea baadaye aliliona hilo, akaendelea na mada za darasa lake kwa sababu muhtasari wa somo ulimtaka aendelee.

Kazi yangu ni kufundisha walimu wa shule za msingi, na wazazi wakishalijua hilo huniuliza: shule nzuri ya serikali utaijuaje? Wengi wanatarajia nizungumzie madarasa mapya, ufaulu wa darasa la saba, au idadi ya walimu wenye shahada. Mimi huwaambia waende Darasa la Kwanza na la Pili, mwezi wa tisa au wa kumi, wakaangalie kama watoto wanasoma. Shule iliyoweza kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu katika miaka hiyo miwili ina msingi wa kujengea mengine yote. Iliyoshindwa hapo itahangaika na kambi za darasa la saba kila mwaka bila kupona.

Kiswahili kinatupa bahati ambayo hatuitumii ipasavyo. Irabu zake tano hazibadiliki sauti, popote zinapokaa katika neno. Herufi inavyoandikwa ndivyo inavyotamkwa, na silabi nyingi ni konsonanti na irabu basi. Mtoto aliyezishika sauti hizo na kujua kuziunganisha anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Vikwazo vipo, na mwalimu mzoefu anavijua kwa majina: ng', ny, gh, mbw, nyw. Mtoto aliyekulia nyumba inayozungumza Kisukuma au Kimaasai anahitaji muda zaidi, kwa kuwa anajifunza lugha na maandishi kwa pamoja. Hata hivyo, kwa mwalimu anayejua kazi yake, mwaka mmoja unawatosha watoto wengi kusoma sentensi fupi na kuzielewa.

Njia ya kufundisha ndiyo inayoamua. Kwa miaka mingi tulifundisha majina ya herufi: a, be, che, de. Kisha tukamtaka mtoto aunganishe "be" na "a" apate "ba". Kwa mtu mzima ni jambo dogo, lakini mtoto wa miaka sita anasikia "bea", na hana njia ya kufika anakotakiwa. Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika mwaka 2015 uliziweka KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mbele ya masomo mengine na kusisitiza sauti ya herufi badala ya jina lake. Yalikuwa mabadiliko sahihi. Yalifika kwa ukamilifu pale tu mwalimu alipopata mafunzo, akayaelewa, na akakuta mtu wa kumuuliza alipokwama.

Ingia darasa ambalo mabadiliko hayo hayajafika. Watoto tisini wamebanana, wengine wamekaa chini. Ubaoni pameandikwa "Mama analima shamba". Mwalimu anapitisha fimbo, darasa zima linasoma kwa sauti moja, vizuri kabisa, na mgeni anaondoka ameridhika. Sasa muite mtoto mmoja mbele, umwekee kidole kwenye "analima" umwombe asome neno hilo tu. Wengi wataanza tena: "Mama..." kisha watahesabu maneno mpaka wakifikie kidole chako. Andika "malina", neno lisilo na maana, na sauti itakatika. Mtoto huyo hasomi. Amekariri ubao, na kwa kuwa kila siku anaimba na wenzake, hakuna aliyemgundua, hata yeye mwenyewe hajijui. Atapanda la pili, la tatu, mpaka siku atakapopewa kitabu chenye sentensi ambazo hajawahi kuziimba.

Kumgundua mtoto huyo mwezi wa tatu badala ya mwaka wa tatu ni utaalamu mkubwa. Kunahitaji mwalimu anayempima kila mtoto peke yake, anayeandika nani amekwama kwenye silabi zipi, na anayewapanga wenye shida moja wakae pamoja. Pamoja na hayo yote, mwalimu wa namna hiyo kwa kawaida hupelekwa kwingine.

Namwelewa mwalimu mkuu anayefanya hivyo. Shule yake hupimwa kwa matokeo ya darasa la saba na la nne. Matokeo yakishuka ataitwa halmashauri kujieleza. Darasa la Kwanza likishindwa kusoma hakuna atakayemwita. Basi mwalimu hodari wa hisabati anapewa la saba, na la kwanza linaachiwa anayekaribia kustaafu, au kijana wa kujitolea anayelipwa posho na wazazi, au yule ambaye wenzake hawataki afundishe madarasa ya mtihani. Wapo wanaokaribia kustaafu ambao ni mabingwa wa kufundisha kusoma, na nimejifunza mengi kwao. Lakini walipangwa huko kwa bahati, si kwa ubingwa wao.

Hapa ndipo sifa za mwalimu zinapopata maana, na nchi yetu ina historia ndefu ya kujifunzia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa kila mtoto, iliyojulikana kwa kifupi cha Kiingereza UPE, ifikapo 1977. Vyuo havikuweza kutoa walimu kwa kasi hiyo, hivyo maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundisha huku wakisomeshwa vijijini, kwa posta na kwa redio. Jina "mwalimu wa UPE" likawa la dharau, na si haki: wengi wao waliwafundisha kusoma watu ambao leo ni maprofesa. Tatizo lilikuwa kwamba walipewa kazi ngumu kuliko zote wakiwa na maandalizi haba kuliko ya wote, na msaada waliouhitaji baadaye ukapungua uchumi ulipoyumba miaka ya themanini. Hayo yalijirudia baada ya shule za kata kuenea katika miaka ya 2000, pale wahitimu wa kidato cha sita walipopewa mafunzo ya muda mfupi na kuingizwa madarasani. Mitaani wakabatizwa "voda fasta". Kila mara tulipopanua milango ya shule, ambalo lilikuwa jambo jema, tulibana maandalizi ya mwalimu ili kupata idadi.

Mwaka 2017 uhakiki wa serikali ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakiwemo walimu. Uhakiki ule ulikuwa wa lazima. Mwalimu aliyeingia darasani kwa cheti cha mtu mwingine amewadhulumu watoto na amemdhulumu kijana aliyesoma akakosa ajira. Ila cheti halali nacho kinathibitisha kwamba mtu alisoma na kufaulu. Hakithibitishi kwamba anaweza kumfanya mtoto wa Darasa la Kwanza asome. Watafiti waliopima walimu wa shule za msingi katika nchi saba za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo, walikuta walimu wengi wenye sifa rasmi wakishindwa kusahihisha kwa usahihi kazi za wanafunzi wao. Cheti ni mlango wa kuingilia kazini. Ujuzi wa kufundisha kusoma hujengwa na mafunzo mahususi na mazoezi darasani mbele ya mtu anayeangalia, na huendelea kujengwa kwa miaka baada ya ajira.

Kenya ilionyesha namna ya kulifanya hilo kwa nchi nzima. Mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, ulimpa kila mtoto wa madarasa ya mwanzo kitabu chake, ukampa mwalimu mwongozo wa kila kipindi, na ukawatuma maofisa wa mitaala madarasani wakiwa na tableti, kumwangalia mwalimu akifundisha, kuwasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha kukaa na mwalimu kumshauri. Matokeo ya kusoma yalipanda. Kwetu, utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, una wazo hilohilo: walimu wa shule moja kukutana, mmoja kufundisha wenzake wakiangalia, kisha kujadili. Pale ambapo mikutano hiyo inahusu somo halisi, nimeona walimu wakibadilika. Pale inapogeuka kikao cha kujaza fomu, nao hawalaumiki wakiichoka.

Ujuzi wote huo haufai kitu mwalimu asipokuwa darasani. Mwaka 2014 watafiti wa Benki ya Dunia walipita katika shule za msingi nchini bila kutoa taarifa, wakakuta takriban nusu ya walimu hawamo darasani saa ambayo walipaswa kufundisha. Wengi wao walikuwa shuleni: ofisini, chini ya mwembe wakisahihisha madaftari, kwenye vikao, wakishughulikia takwimu zilizoombwa haraka na ngazi za juu. Sisemi hivyo kuwatetea. Nasema kwa sababu dawa ya mwalimu aliyeko ofisini si ile ya mtoro. Mwenye vipindi mfululizo katika darasa la watoto 120, asiye na nyumba karibu na shule, anayesafiri kutwa nzima kufuatilia mshahara uliokwama, atatafuta pa kupumulia, na atapata mahali hapo kwa kuacha vipindi.

Je, dawa ni kupunguza msongamano? Mwongozo wa nchi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na baada ya ada na michango ya lazima kufutwa Januari 2016 uandikishaji wa Darasa la Kwanza uliruka kwa mamia ya maelfu ya watoto. Kwa hiyo walimu zaidi wanahitajika, hakuna ubishi. Lakini kuna utafiti wa magharibi mwa Kenya ambao kila ofisa elimu angepaswa kuujua. Mwaka 2005, kati ya shule 210, shule 140 zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja wa ziada wa mkataba kwa Darasa la Kwanza. Darasa la watoto 80 na zaidi likawa mawili ya watoto 45 hivi. Watoto waliobaki na mwalimu wa serikali, ingawa sasa walikuwa wachache, kwa wastani hawakusonga mbele kwa kiasi cha kujivunia, kwa sababu mwalimu wao alipopata msaidizi alianza kuingia darasani mara chache zaidi. Waliofundishwa na mwalimu wa mkataba, mwenye mafunzo yaleyale na mshahara mdogo mno, walisonga. Tofauti haikuwa cheti. Mwalimu wa mkataba alijua kwamba mwisho wa mwaka kamati ya shule ingeamua kama anaendelea.

Katika nusu ya shule zilizopata mwalimu huyo, wazazi wa kamati walifundishwa namna ya kuwasaili waombaji, kufuatilia mahudhurio ya walimu, na kukutana mara kwa mara kuyazungumza. Huko walimu wa serikali hawakulegea kiasi kile, na nafasi za mkataba hazikuishia mikononi mwa ndugu za walimu kama kwingineko. Wazazi walewale wa kijijini, wengi wao wenye elimu ndogo, waliweza kusimamia shule walipooneshwa cha kuangalia. Sipendekezi tuajiri walimu kwa mikataba na mishahara duni. Kenya ilipojaribu kuupanua mpango wa namna hiyo kupitia serikali, matunda yake hayakuonekana. Ninachokishika ni nguvu ya kamati iliyofundishwa kazi yake.

Utafiti mwingine ulifanyika hapa hapa Tanzania. Mwaka 2013 na 2014, katika mradi wa KiuFunza, shule 350 katika wilaya kumi ziligawanywa makundi. Kundi moja lilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, sawa na kiwango kilichowekwa na sera ya serikali, na lilifikishiwa yote. Kundi la pili halikupata ruzuku hiyo, lakini walimu wa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bonasi ya shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio rahisi la kusoma au kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuongeza chochote kwenye alama za watoto, ingawa vitabu na vifaa vilinunuliwa kweli. Bonasi peke yake ilileta mabadiliko madogo, yasiyo thabiti. Zilipokutana, watoto walijifunza zaidi kwa kiwango kinachoonekana wazi, na faida ilikuwa kubwa kuliko jumla ya zile mbili zikitenganishwa.

Nimeutafakari sana utafiti huo, na naamini somo lake linapita suala la bonasi. Vitabu vinahitaji mwalimu mwenye sababu ya kuvifungua, na mwalimu mwenye ari anahitaji vitabu. Serikali hujenga madarasa mwaka huu, huajiri mwaka ujao, huleta vitabu mwaka unaofuata, kila kimoja kwa mpango wake na mfadhili wake, kisha tunashangaa kwa nini kila mpango unaripotiwa kufaulu na watoto bado hawasomi. Ni kama kupanda mbegu msimu mmoja na kusubiri mvua ya msimu mwingine.

Nani basi mwenye sababu ya kuhakikisha vyote vinakutana kwenye shule moja, mwaka mmoja? Ni mzazi. Na hapa sina budi kusema wazi kwamba kwa muda mrefu tumemwita mzazi shuleni kwa jambo moja tu, michango. Mkutano ukiitishwa, ajenda ni dawati, choo, uji, mlinzi. Ndiyo maana elimu bila malipo ilipotangazwa, wazazi wengi walielewa kwamba wamestaafishwa. Serikali ikalazimika kutoa waraka mwaka 2016 kueleza kwamba wajibu wa mzazi ungalipo: sare, madaftari, chakula, na kufuatilia maendeleo ya mtoto. Hilo la mwisho ndilo lililohitaji maelezo marefu zaidi, na ndilo lililopata machache.

Uji naomba nisiupite haraka. Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kula, akatembea kilomita nne, hawezi kuzishika silabi saa tano asubuhi. Wazazi wakikubaliana debe la mahindi kwa kaya, wakachagua wenzao wa kulipokea na kulipima mbele ya wote, mahudhurio hupanda, hasa ya madarasa ya chini. Mchango wa namna hii unahusu kujifunza moja kwa moja, na unastahili kupiganiwa mkutanoni.

Taarifa za fedha nazo ni silaha ya mzazi. Nchini Uganda, kati ya 1991 na 1995, shule za msingi zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa kwa ajili yao. Kilichobaki kiliishia njiani. Serikali ilipoanza kuchapisha kwenye magazeti kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule kubandika mlangoni kiasi kilichofika, hali ilibadilika, na kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Mbao za matangazo za shule zetu zinatakiwa kuonesha mapato na matumizi. Zisomeni.

Lakini taarifa pekee haitoshi. Vijijini Kenya, wazazi walioelezwa kwamba watoto wao wamepimwa na hawajui kusoma hawakubadili chochote kilichoweza kupimwa, si nyumbani wala shuleni. Wengine walidhani ni kazi ya mwalimu, wengine hawakujua waanzie wapi. Simlaumu mzazi hapo. Mtu huweza kuchukua hatua pale anapopewa hatua ya kuchukua, ndogo na inayojulikana, na anapojua kwamba wenzake nao wanaichukua.

Hatua hiyo ipo, na hata mama ambaye hakuwahi kuingia darasani anaiweza. Jioni, mwambie mtoto akuletee daftari au kitabu chake. Weka kidole kwenye neno lolote katikati ya ukurasa, mwache alisome. Lishike akilini. Baada ya kula, mrudishe kwenye ukurasa uleule, weka kidole kwenye neno lilelile. Akilisoma sawa mara zote mbili, bila kuanzia juu, anasoma. Akitoa maneno mawili tofauti, amekuwa akiimba, na kesho asubuhi una jambo la kumweleza mwalimu wake. Mweleze kwa upole, peke yenu, na umuulize mtoto amekwama kwenye silabi zipi. Mwalimu anayejua kazi yake atakujibu papo hapo, na atafurahi kuulizwa.

Januari shule zikifunguliwa, kamati nyingi hukutana na wazazi kabla ya mwezi kwisha. Wajumbe, tafadhali, swali la kwanza kwa mwalimu mkuu liwe hili: nani amepangiwa Darasa la Kwanza mwaka huu, na kwa nini yeye? Akiwa na mafunzo ya KKK na rekodi ya kuwafundisha watoto wakasoma, mlindeni huko: asihamishiwe la saba mwezi wa nne, na kama kuna fedha ya vitabu ianzie kwake. Akiwa ni kijana wa kujitolea aliyeachwa peke yake na watoto mia, msimlaumu yeye. Mwambieni mwalimu mkuu abadilishe ratiba, na mrudi mwezi wa tisa kuwasikiliza watoto wakisoma, mmoja mmoja.